Nani Alimwita Zimwi? Kweli na Uongo kuhusu Wahusika wa Kutisha, Kutoka Ingolstadt hadi Kilwa

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa kuhusu usawiri wa wahusika, mara nyingi hujibu kwa kupanga sifa: fulani ni mkatili, fulani ana huruma, fulani anawakilisha wanyonge. Majibu hayo humpatia alama. Akikutana na hadithi za kutisha, hata hivyo, hayamfikishi mbali, kwa kuwa hadithi hizo zimetungwa makusudi ili msomaji asiwe na hakika na sifa anazoambiwa. Anayeitwa zimwi huenda ndiye aliyeonewa. Anayesimulia kwa machozi huenda ndiye aliyeanza ubaya. Kabla ya kuuliza mhusika ana tabia gani, tuulize kwanza ni nani anayetupa habari zake, na ana haja gani ya kuzitoa namna hiyo.

Nitalionyesha hilo kwa kazi tatu zinazoigusa pwani yetu ya Kusini, kwa kisa au kwa mwandishi, na moja ya mbali. Mbili ni tamthilia za Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya Lindi mwaka 1943: Kinjeketile ya mwaka 1969 na Mashetani ya mwaka 1971. Ya tatu ni The Magic of Saida, riwaya ya M. G. Vassanji iliyotoka mwaka 2012, ambayo kitovu chake ni Kilwa. Ya mbali ni Frankenstein ya Mary Shelley, ya mwaka 1818, riwaya ya kutisha ambayo watu wengi wanaijua kwa kusikia kuliko kwa kuisoma. Nazitaja kauli kama zinavyosemwa madarasani na barazani, kisha natoa hukumu.

“Riwaya za kigothi ni mambo ya Wazungu na makasri yao.”

Uongo. Kwamba aina hii ya uandishi ilianzia Uingereza halina ubishi. Horace Walpole alitoa The Castle of Otranto mwaka 1764, na katika toleo la pili akaiita hadithi ya kigothi. Zikafuata nyingi zenye makasri ya giza, siri za ukoo, wafu wasiotulia na wasichana waliofungiwa. Lakini kasri ni pambo tu. Kiini chake ni deni la zamani lisilolipwa, linalorudi kuwadai walio hai. Kwa kipimo hicho, pwani yetu ina kila sababu ya kuwa na hadithi kama hizo. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia hapo. Wakaja Wajerumani na kitanzi chao. Ikaja vita ya Maji Maji mwaka 1905, na baada ya vita njaa.

Humo ndimo Vassanji alimopata riwaya yake. Kamal Punja, daktari anayeishi Edmonton nchini Kanada, anarudi Kilwa baada ya miaka mingi kumtafuta Saida, msichana aliyekua naye. Mama yake Kamal ni Mwafrika, baba yake ni Mhindi aliyeondoka. Akiwa bado mtoto, mama anamtoa Kilwa na kumpeleka Dar es Salaam kwa ndugu wa baba yake, alelewe kama Mhindi. Saida ni mjukuu wa Mzee Omari, mshairi anayetunga habari za ujio wa Wajerumani na ambaye mwenyewe ana jambo la enzi hizo linalomkalia rohoni. Siri ya ukoo imo, mzee anayesumbuliwa na yaliyopita yumo, na kuna mtu anayerudi mahali ambapo afadhali asingerudi. Msomaji wa mwandishi wa Kiingereza Emily Brontë angeitambua njia hii mara moja, na msomaji wa Kivinje angeitambua mapema zaidi.

“Magofu ndiyo yanayotisha.”

Uongo, kwa Kilwa angalau. Mgeni akiyaona magofu ya Kilwa Kisiwani hukimbilia kuyaita mji wa mizimu, na waandishi wa safari wamelirudia hilo hadi limechakaa. Kisiwa hicho kina wakazi. Watu wanavua, wanalima, wanazaa na kusomesha. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji wenye sultani mkarimu, al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya 100 lenye birika la pembe nane, hunasibishwa naye. Magofu hayo na yale ya Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi, kazi iliyowashirikisha wanakijiji wenyewe. Hayo ni maisha, na hofu haimo.

Vassanji ameliona hilo. Hofu ya riwaya yake haikai kwenye jumba la masultani. Inakaa Kivinje, kwenye mji wa juzi tu, chini ya mti. Mwembe Kinyonga ni mahali halisi: hapo Wajerumani waliwanyonga waliowapinga, na Hassan bin Omari, anayejulikana zaidi kwa jina la Makunganya, alinyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895. Habari zake zilitungiwa ushairi wa Kiswahili na watu wa zama hizo hizo, na Carl Velten akauchapisha Ujerumani mwaka 1907. Mwandishi anayejua kazi yake hahitaji popo wala mlango unaolia usiku. Huuweka mwembe mbele ya nyumba, huacha watoto wacheze kivulini mwake, na mzee mmoja hakai hapo kamwe. Mandhari ya namna hiyo humsawiri mhusika kuliko kurasa kumi za maelezo.

“Frankenstein ni jina la zimwi.”

Uongo. Ni jina la aliyeliumba. Kiumbe chenyewe hakikupewa jina lolote, na hilo ni kosa la kwanza kililotendewa. Victor Frankenstein naye si daktari. Ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ingolstadt.

“Kiumbe kile ni bubu na hakina akili.”

Uongo, na hapa tunyooshe mambo kwa sababu uongo huu umeharibu usomaji wa kitabu kizima. Yule anayevuta miguu na kuguna, mwenye kichwa bapa, ni wa filamu ya mwaka 1931, iliyochezwa na Boris Karloff. Wa kitabuni ni mnenaji hodari kuliko wote waliomo humo.

Kinapoachwa na muumba wake kinajificha kwenye banda lililopakana na nyumba ya familia maskini, akina De Lacey. Kupitia ufa kinawatazama miezi mingi. Kinajifunza lugha kwa kusikiliza, hasa pale familia inapomfundisha mgeni wao, Safie, binti wa mfanyabiashara wa Kituruki. Baadaye kinaokota vitabu: Paradise Lost ya Milton, maisha ya watu mashuhuri yaliyoandikwa na Plutarch, na riwaya ya Goethe kuhusu kijana Werther. Kinaposikia jinsi wenyeji wa Marekani walivyofanyiwa baada ya Wazungu kufika, kinalia. Kinawakatia kuni kwa siri usiku. Siku kinapojitokeza kinamwendea mzee wa nyumba, ambaye ni kipofu, na mzee anakipokea kwa wema. Wenye macho wanaporudi wanakipiga.

Zimwi wa ngano zetu huwa hana moyo tunaoruhusiwa kuuona. Anameza watu, anadanganywa na mtoto mwerevu, anauawa, watu wanatoka tumboni mwake. Kiumbe cha Shelley kimefunguliwa kifua mbele yetu. Kinaua, na mauaji yake si ya kusingiziwa: William, ambaye ni mtoto mdogo, kisha Clerval, kisha Elizabeth usiku wa harusi yake. Shelley hakisafishi. Anachofanya ni kutunyima raha ya kuchukia bila kufikiri. Mwanafunzi anayeandika “mkatili” na kuishia hapo hajasema uongo, lakini amesema kama wanakijiji ambao humo kitabuni walikirushia mawe.

“Mhusika tunamjua, kwa kuwa mwandishi ametueleza.”

Uongo mkubwa kuliko wote katika makala haya.

Nani anasimulia Frankenstein? Wa kwanza ni Robert Walton, nahodha anayetafuta njia ya Ncha ya Kaskazini, akimwandikia barua dada yake, Margaret Saville, aliyeko Uingereza. Walton anamwokoa Victor barafuni, na Victor anamsimulia maisha yake. Ndani ya simulizi la Victor, kiumbe kinasimulia ya kwake. Ndani ya simulizi la kiumbe zimo habari za akina De Lacey. Kila neno la kiumbe, isipokuwa lile la mwisho kabisa, limepita kwanza mdomoni mwa adui yake na kisha kwenye kalamu ya mtu anayempenda adui huyo.

Ipo sehemu moja ambayo wasomaji wengi huipita. Victor anagundua kwamba Walton anaandika kila anachosikia. Anaomba kuyaona maandishi. Anayasahihisha na kuyaongezea, hasa mazungumzo yake na kiumbe, ili yawe na uhai zaidi. Mtuhumiwa amepewa faili la kesi yake na kalamu! Tena anamwonya Walton asiyaamini maneno matamu ya kiumbe kile. Shelley, aliyeanza kukiandika kitabu hiki akiwa na umri wa miaka 18, kando ya Ziwa Geneva mwaka 1816, alikuwa ameliona jambo ambalo wahakiki wengi wakubwa wamehangaika nalo: sura ya mtu kitabuni ni kazi ya yule aliyeshika kalamu. Na mwishoni Victor anapokufa, kiumbe kinakuja kusimama juu ya maiti yake na kusema mbele ya Walton, bila mkalimani. Hapo ndipo tunapokutana nacho ana kwa ana kwa mara ya kwanza, na kurasa zimebaki chache mno.

Sasa turudi Kilwa. The Magic of Saida inasimuliwa na Martin Kigoma, mchapishaji wa vitabu, aliyemkuta Kamal kwenye kitanda cha hospitali Dar es Salaam, ametoka Kilwa hoi, akiwa na maruweruwe. Kamal anamsimulia Kigoma, Kigoma anatusimulia sisi. Saida yuko wapi katika mnyororo huo? Yuko mwisho kabisa. Tunamwona kwa kumbukumbu za mwanamume aliyemwacha, mgonjwa, mwenye kutaka kueleweka, kupitia kwa mtu ambaye kazi yake ni kutafuta hadithi nzuri. Jina lake ndilo lililo juu ya jalada. Kauli yake ndiyo adimu kuliko zote ndani.

Ukisoma bila kuyajali hayo, Saida atakuwa “msichana mpole, mwaminifu, mwenye kusubiri”. Ukiyajali utauliza: mpole machoni pa nani? Aliyesema anasubiri ni nani, kama si yule aliyetaka asubiriwe? Kwa maoni yangu nguvu ya riwaya hii iko hapo. Kamal anarudi na fedha, elimu na majuto akidhani anaenda kumalizia hadithi ya mapenzi, kumbe wenzake aliowaacha walikuwa na hadithi yao, na ndani yake yeye si shujaa. Nguvu za uganga zilizomo kitabuni zinatisha. Linalotisha zaidi ni kuona mtu mwema, daktari, mwenye adabu, akigundua taratibu kwamba kwa watu fulani yeye ndiye balaa lililowapitia.

“Kinjeketile wa tamthilia ndiye Kinjikitile wa Maji Maji.”

Uongo. Hussein mwenyewe, katika utangulizi wa kazi yake, aliwatahadharisha wasomaji kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu, na hata tahajia ya jina aliitofautisha.

Kinjikitile Ngwale wa historia aliishi Ngarambe, bara ya Kilwa, upande wa Mto Rufiji. Masimulizi ya wazee yanasema alishikwa na pepo Hongo, akaingia kwenye kidimbwi, akakaa humo, akatoka na nguo kavu. Watu wakamiminika kwake kuchukua dawa ya maji. Mwezi Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba iliyolimwa kwa shuruti, na vita ikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa haijatimiza hata mwezi, Wajerumani walimnyonga Mohoro. Vita iliendelea bila yeye hadi 1907. Serikali ya Kijerumani ilitaja vifo 75,000 hivi. Wanahistoria wa baadaye wamefikia 250,000 hadi 300,000, wengi wao wakiwa waliokufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Kinjikitile hakuacha maandishi. Faili za Wajerumani zilimwona mchawi anayewarubuni watu. Mjini Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi wa vita hiyo, akiitazama kwa macho ya mwanachuoni wa mjini. Ulichapishwa kwanza mwaka 1933, kisha tena mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Ilisubiriwa hadi miaka ya 1960 ndipo G. C. K. Gwassa na wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, wakaenda vijijini kuwauliza wazee waliopigana au waliolelewa na waliopigana. Katika kalamu hizo alikuwa mhalifu kwa mmoja, nabii kwa mwingine. Hussein alijua anaokota mhusika ambaye alikwisha kusawiriwa na wengi kabla yake, karibu wote wakiwa na lao jambo.

“Basi Kinjeketile ni tapeli aliyewaponza watu.”

Uongo, ingawa hukutana nao mara kwa mara kwenye majibu ya mitihani. Kinyume chake, kwamba ni shujaa asiye na doa, nacho ni uongo.

Tazama alivyosawiriwa. Kabla hajasema lolote jukwaani, tunasikia habari zake kutoka kwa wengine. Mkewe na Bi. Kitunda wanazungumza juu ya njaa na kazi za shuruti, na juu ya mwanamume huyu aliyejifungia, haongei na mtu. Hofu inaanza kwa minong'ono, kama inavyostahili. Kisha anaingia majini mbele ya macho ya watu na kutoka akiwa na ujumbe wa umoja na maji. Watu wanashangilia. Katika ujumbe huo, hata hivyo, mna neno kwamba baada ya ushindi watakuwa watoto wa Seyyid Said. Kitunda, mume wa Bi. Kitunda na mtu wa maswali, analishika: tunaondoa bwana mmoja ili tuwe wa bwana mwingine? Kinjeketile analisikia neno lake mwenyewe likirudi na anatikisika. Nani alisema nilipokuwa nasema? Hongo alinipa ukweli, au alinichezea?

Katika fasihi yetu ni nadra kukuta mahali pa kutisha kuliko hapo, na hakuna mzimu hata mmoja jukwaani. Mtu amezaa neno, neno limekua, halimsikilizi tena. Anaomba watu wangoje, wajifunze vita kwanza. Hawawezi kungoja, kwa kuwa imani aliyowapa ndiyo inayowasukuma. Mtu akikumbuka Victor na kiumbe chake hajakosea. Victor alikimbia alichokiumba usiku ule ule. Kinjeketile hakukimbia. Gerezani, anapotakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo ili aokoe maisha yake, anakataa, ingawa imani yake mwenyewe imekwisha kupasuka. Anajua kukiri kwake kutatumiwa kuwaambia watoto wasiozaliwa bado kwamba baba zao walipigania upuuzi.

Tapeli asingekataa. Shujaa asiye na shaka asingeteseka. Hussein amemweka katikati, mahali ambapo orodha ya sifa haimfikii, na ndiyo maana baada ya zaidi ya nusu karne bado tunabishana naye.

“Shetani katika Mashetani ni jini wa mbuyuni.”

Uongo. Tamthilia inaanza na Shetani na Binadamu, na mbuyu upo, kwa hiyo msomaji wa pwani anajiandaa kwa hadithi aliyoizoea. Kumbe ni mchezo wa vijana wawili wa Chuo Kikuu, Juma na Kitaru: mmoja ameigiza Shetani, mwingine Binadamu. Mchezo unakwisha lakini haumtoki Kitaru. Juma anatoka kwenye ukoo uliopoteza heshima na mali katika Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Kitaru ni mtoto wa walioinuka. Urafiki wao umebeba historia ambayo wote wawili hawakuichagua. Shetani ni nani, basi? Ukoloni uliobadili nguo, tamaa ya matajiri wapya, kinyongo cha waliopokonywa: hoja zote zimetolewa na zote zina ushahidi kitabuni.

Sikubaliani na mwalimu anayewaandikishia wanafunzi jibu moja hapo. Hussein ameugawa ushetani kwa makusudi ili kila mhusika amwone mwenzake kuwa ndiye.

“Wanawake katika hadithi hizi wapo ili walie na kufa.”

Kweli, kwa sehemu kubwa, na tusiifiche kwa kuwa tunavipenda vitabu hivi. Katika Frankenstein Justine anakiri kosa ambalo hakulifanya na ananyongwa. Elizabeth anauawa. Kiumbe cha kike kinachanwa vipande na Victor kabla hakijapumua. Margaret Saville, ambaye barua zote zinamwendea, hatumsikii akijibu hata mara moja. Na aliyeandika ni binti wa Mary Wollstonecraft, mtetezi wa haki za wanawake, aliyefariki siku chache baada ya kumzaa.

Safie ana uzito wa pekee kwa msomaji wa Kilwa. Ameandikwa kama binti jasiri anayemkimbia baba yake, lakini ujasiri huo umeelezwa kuwa urithi wa mama Mkristo, huku Uislamu ukichorwa kuwa dini inayowazuia wanawake kufikiri. Kitabu kinachotetea aliyedharauliwa kimewadharau wengine bila kuwasikiliza. Miaka 40 baada ya kutoka kwake, mwaka 1858, Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utenzi unaosomwa hadi leo. Tumsome Shelley kwa heshima, na hapo tumpinge.

Katika Kinjeketile wanawake ndio wanaofungua pazia na ndio wanaotueleza njaa, kisha vita inapowaka wanaume wanajaza jukwaa. Kwa Vassanji nimekwisha sema: Saida amebebwa na sauti za wengine. Mtetezi wa Vassanji atasema ukimya huo umetungwa makusudi, uwe shtaka juu ya Kamal. Naikubali hoja hiyo nusu. Nusu nyingine yangu ingependa kitabu kingine, chenye Kilwa ile ile, kilichosimuliwa na Saida.

“Msomaji anayeamini majini hawezi kuhakiki hadithi za majini.”

Uongo. Anayeamini hujua adabu za mambo hayo, hujua nani huitwa, kwa ubani gani na kwa hofu gani, na kwa hiyo hutambua upesi mwandishi anapobabaisha. Kuhakiki ni kuuliza jini huyu anafanya kazi gani ndani ya hadithi na nani anafaidika akiaminiwa. Swali hilo linamfaa anayeamini na asiyeamini.

“Hadithi za kutisha za Kusini zimekwisha kuandikwa.”

Uongo. Kilwa Kivinje, Nandete, Mohoro, Mikindani na Lindi mjini bado kuna familia ambazo bibi alisimuliwa na bibi yake habari za kitanzi, za njaa ya baada ya vita, za walionunuliwa na za walionunua. Waliohojiwa na watafiti wa miaka ya 1960 wamekwisha tangulia mbele ya haki. Wajukuu zao nao sasa ni wazee. Walimu wa Kiswahili wa shule za sekondari za mikoa ya Lindi na Mtwara, mkimaliza kufundisha Kinjeketile mwaka huu, wapeni wanafunzi kazi moja ya likizo: kila mmoja amrekodi mzee mmoja wa nyumbani kwao, aandike neno kwa neno, na juu ya ukurasa aandike nani anasimulia, alisimuliwa na nani, na katika kisa hicho ni nani ambaye hakupewa nafasi ya kusema. Daftari hizo zihifadhiwe shuleni.